Chidigo Si Kiswahili Kilichokosewa

Kwenye sera ya elimu ya Kenya kuna maneno matatu ambayo ukiyasoma ukiwa Nairobi hayana neno, lakini ukiyasoma ukiwa Kwale yanageuka mlango wa nyuma. Maneno yenyewe ni "lugha ya eneo". Sera inataka mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale shule ilipo. Safi kabisa, nani atapinga? Wazo hilo si jipya. Kamati ya Gachathi ililiandika mwaka 1976, na mtaala wa CBC ulioanza kutumika 2019 ukalirudia. Katikati hapo Katiba ya 2010, kifungu cha 7, ikaongeza kwamba serikali itakuza na kulinda wingi wa lugha za Wakenya. Kwa karatasi basi, mtoto wa Kidigo kule Msambweni na mtoto wa Kiduruma kule Kinango wamelindwa mara tatu.

Shida ni kwamba huku kwetu swali la "lugha ya eneo" lina jibu rahisi mno. Muulize mtu yeyote barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga kwamba hapa watu wanaongea nini. Atakwambia Kiswahili, na hatakuwa amedanganya. Kiswahili kiko sokoni, kwenye matatu, msikitini, ofisi ya chifu. Kwa hiyo shule ikifundisha kwa Kiswahili inakuwa imetimiza sera bila Chidigo kutamkwa hata mara moja darasani. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hakuna mtu wa kulaumiwa.

Hiyo ndo hoja yangu. Tunapoongea juu ya lugha za mama, sisi watu wa kusoma na kuandika mtandaoni tumezoea adui mmoja, Kiingereza. Kwale inatulazimisha tumwangalie mwingine, na huyu mwingine ni mpenzi wetu. Ni hiki hiki Kiswahili unachokisoma sasa hivi.

Tuanze na kitabu kilichotufundisha wengi namna ya kubishana. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, kila mtu kwenye simu yangu alikuwa anaposti jalada la Decolonising the Mind, wakiwemo wale ambao nina hakika hawajawahi kulifungua. Kitabu kilitoka 1986, na simulizi lake la shule limekuwa kama simulizi letu sote. Mtoto anakamatwa akiongea Kikuyu kwenye uwanja wa shule, anachapwa, anavishwa bamba shingoni lenye maneno ya kumdhalilisha. Shule nyingi nchini ziliendeleza mchezo huo miaka na miaka, kwingine ukiitwa diski, kwingine monto. Ni ukatili unaoonekana kwa macho, ndiyo maana ni rahisi kuusimulia.

Mwanzoni mwa kitabu hicho Ngũgĩ anaagana na Kiingereza na kutangaza kwamba ataandika kwa Kikuyu na Kiswahili. Hebu isome hiyo "na" tena. Lugha mbili zimepangwa upande mmoja, upande wa waliodhulumiwa. Ukiwa Limuru hiyo "na" haina ubaya wowote. Kikuyu na Kiswahili ziko mbali kiasi kwamba hakuna mwalimu atakayedhani mtoto anayesema Kikuyu anajaribu kusema Kiswahili akashindwa. Ukiwa Msambweni, hiyo "na" ndo vita yenyewe. Simlaumu mzee, aliandika kutoka alikolelewa. Tatizo ni sisi tuliochukua ramani ya Limuru tukaitandika juu ya Pwani, halafu tukashangaa barabara hazilingani.

Lugha ya mbali inakuja na kiboko. Lugha ya karibu inakuja na kalamu nyekundu.

Kwa wasiojua huku kwetu, Chidigo na Kiswahili ni ndugu. Wanaisimu wanaziweka kwenye kundi moja wanaloliita Sabaki, pamoja na lugha nyingine za Mijikenda, Kipokomo, Kiilwana na lugha za Komoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliandika historia nzima ya kundi hilo, ikatoka kama kitabu mwaka 1993. Mimi chuo kikuu nilikiacha katikati, sina cheti cha isimu wala cha kitu chochote, lakini jambo hili halihitaji cheti. Linahitaji masikio.

Kiswahili kinasema maji, Chidigo kinasema madzi. Jana ni dzana, jina ni dzina, mji ni mudzi. Umeona? Kwenye maneno haya yote, pale Kiswahili kilipo na j, Chidigo kina dz. Huko si kuteleza kwa ulimi, ni kanuni. Mti ni muhi, tatu ni tahu: t ya huku ni h ya kule. Kisha sikiliza hii. Mvua ni mvula, njaa ni ndzala. Hapo ni Kiswahili kilichoidondosha l njiani, Chidigo kikabaki nayo. Sasa kati ya hao wawili, nani amekosea?

Njoo kwenye hesabu. Mtoto wa Kiswahili anahesabu sita, saba, tisa, maneno yaliyotoka kwenye Kiarabu. Chidigo kwa saba kina fungahe, na kwa tisa kina chenda. Kiswahili nacho zamani kilikuwa na neno lake la tisa, kenda. Leo kenda halisikiki sana, isipokuwa kwenye jina moja ambalo kila Mkenya analijua: Mijikenda, miji tisa. Yaani tunawaita watu hawa kwa neno ambalo sisi wenyewe tumeacha kuhesabia, na wao bado wanahesabia. Halafu mtoto akisema chenda darasani anaambiwa aseme vizuri.

Nilisoma shule ya msingi ya umma huku South Coast, sitaitaja. Dawati letu tulikaa wanne. Mmoja wetu alikuwa ametoka vijijini ndani, kwao Kiswahili kilikuwa cha wageni. Siku moja aliitwa asome sentensi ubaoni kuhusu mvua. Akasoma maneno yote sawasawa, alipofika "mvua" akatamka "mvula". Mwalimu akamsimamisha: "Mvu-a! Rudia!" Akarudia "mvula". Darasa likacheka, mimi pia. Mara ya tatu akasema "mvua", akakaa, na sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono tena muhula ule.

Nimekuja kulifikiria tukio hilo ukubwani kwa sababu ya kitu kimoja. Ubaoni kuliandikwa MVUA. Hapakuwa na l. Kama angekuwa anabahatisha herufi, asingeitoa l popote. Aliitoa kwa sababu alikuwa ameliona neno, akalielewa, likamjia kwa lugha yake. Kati yetu wanne pengine ndiye pekee aliyekuwa anasoma kwa maana. Sisi wengine tulikuwa tunaimba silabi. Na yeye ndiye aliyesahihishwa. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametoka mbali, ameletwa Kwale kama ambavyo wengine wanapelekwa Wajir, na hakuna aliyempa hata karatasi moja ya kumwambia kwamba watoto atakaowafundisha wana lugha yenye kanuni zake. Alichosikia kilifanana na Kiswahili kilichokosewa, akakirekebisha. Ndo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Hili si la Kwale peke yake. Waskoti wanalijua vizuri. Lugha yao ya Scots iko karibu na Kiingereza kiasi kwamba kwa vizazi vingi shule ziliichukulia kama Kiingereza cha watu wasiosoma. Lugha ikiwa mbali sana inaitwa lugha, hata kama inadharauliwa. Ikiwa karibu, inanyimwa hata hilo jina.

Tuwe waadilifu lakini, manake "eneo" la Kwale si moja. Kaunti ina watu 866,820 kwa sensa ya 2019, na ukiishika barabara utakutana na majibu matatu tofauti.

Shuka Ukunda. Hapa kuna Mdigo, Mkamba, Mjaluo, Mtaita, Mkikuyu aliyekuja kwa kazi ya hoteli za Diani akajenga. Darasa la Gredi ya 1 lenye watoto hao wote, Kiswahili kweli ndicho lugha ya eneo. Sina ugomvi hapo. Kamati ya 1976 yenyewe ilisema maeneo yenye mchanganyiko yatumie Kiswahili.

Sasa toka lami, ingia vijiji vya ndani ya Msambweni na Lunga Lunga. Hapa mtoto ameamka kwa Chidigo, ameitwa kwa Chidigo, amegombezwa kwa Chidigo. Kiswahili anakijua, ila anakijua kama unavyomjua jirani. Hapa ndipo jibu rahisi linapoanza kudanganya. Kwa sababu mtoto anaelewa "njoo" na "kaa chini", tunadhani anaelewa "eleza kwa nini". Umbali kati ya hayo mawili ndio elimu yenyewe.

Panda Kinango, kwa Waduruma, bara ya kaunti, kukavu, nyumba mbalimbali. Kiswahili huko kinapungua kadiri unavyotembea. Kumwambia mtoto wa huko kwamba lugha ya eneo lake ni Kiswahili, kwa sababu tu kaunti yake iko Pwani, ni kusoma ramani badala ya kusikiliza watu.

Na bado sijawataja Wamakonde, waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi Kwale vizazi kadhaa bila uraia, hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Walivipata. Kimakonde kiko kwenye eneo la nani? Neno "eneo" linauliza ardhi inazungumza nini. Ardhi haizungumzi. Swali lingekuwa mtoto huyu, aliyekaa hapa, anaongea nini.

Nikiongea hivi kuna rafiki zangu wa kwenye fasihi wanaokunja uso. Kwao, kukosoa Kiswahili ni kumpa Mzungu silaha. Nawaelewa. Kiswahili ndiyo lugha iliyotufanya tuelewane, na Afrika Mashariki hatuna nyingine kama hiyo. Lakini Kiswahili Sanifu nacho kina historia yake na si malaika. Mwaka 1928 palikaliwa mkutano Mombasa, mji wa Kimvita wenye ushairi wake wa karne na karne, na ukaamua kwamba msingi wa lugha sanifu uwe Kiunguja. Mombasa ikaambiwa Mombasa kwamba Kiswahili chake si cha kuandikia vitabu vya shule. Kusini ya hapo kulikuwa na Kivumba cha Wasini na Vanga, na Kichifundi cha upande wa Shimoni na Funzi. Hivyo ni Kiswahili tupu, lahaja za watu waliozaliwa nazo. Mtoto wa Vanga akiandika insha kama bibi yake anavyoongea, alama zinakatwa, na karatasi inasema amekosea Kiswahili. Kwao! Kwa hiyo kalamu nyekundu haimchagui Mdigo peke yake. Inamfikia hata Mswahili wa mwambao.

Na ili tusijifanye kwamba Chidigo ni mtakatifu asiyewahi kula cha mtu, kumbuka Wasegeju. Lugha yao ya zamani ilikuwa karibu na lugha za Kati ya Kenya. Nduguze ni Kidaiso, kinachosemwa bado Tanzania. Wasegeju wa huku kwetu waliacha lugha hiyo wakachukua za majirani, Chidigo na Kivumba. Jina limebaki, lugha imekwenda. Watu wanaweza kuishi bila lugha ya mababu zao, hilo Kwale inalijua kwa mfano. Ninachokataa ni lugha kuondoka kwa sababu ya kosa la usikivu, watu wakiamini kwamba hakukuwa na lugha pale, bali matamshi mabaya.

Mtaniambia: lakini kuna somo. Ndiyo, lipo. Mtaala wa Gredi ya 1 hadi ya 3 una somo la Lugha ya Asili, na hata masomo yalipopunguzwa baada ya ripoti ya jopo la Raphael Munavu ya 2023, somo hilo lilibaki kwenye orodha. Wiki ina vipindi 31. Kiingereza kina 5, Hisabati 5, Kiswahili 4, Lugha ya Asili 2. Vipindi viwili vya nusu saa. Na ukifika mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, Kiingereza kipo, Kiswahili kipo, Lugha ya Asili haipo. Kila mwalimu Kenya anajua somo lisilotahiniwa linafanywa nini wiki ya kabla ya mtihani.

Lakini hata kipindi hicho kikifundishwa, tazama kinavyofikiriwa. Lugha ya asili inatarajiwa kubeba methali, vitendawili, vyakula vya jadi, ngoma. Tamasha za muziki za shule zikifika, watoto wanavishwa leso na njuga wanacheza sengenya, majaji wanaandika alama, wazazi wanafurahi. Sina neno na sengenya. Ila angalia mgao wa kazi. Chidigo kinaruhusiwa kucheza, hakiruhusiwi kuhesabu. Kinaruhusiwa kusimulia habari za zamani, hakiruhusiwi kueleza kwa nini maji yanachemka. Mtoto wa miaka saba si mjinga, anaona. Anajifunza kwamba lugha yake ni ya jukwaani na ya marehemu.

Wakati huo huo, ujuzi hai uko nje ya dirisha. Kaya Kinondo iko hatua chache kutoka hoteli za Diani. Makaya ya Mijikenda yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mila zake zikawekwa kwenye orodha ya zinazohitaji kulindwa haraka mwaka uliofuata. Mohamed Pakia aliandika kitabu kizima juu ya ujuzi wa mimea wa Wadigo: miti, majina yake, kazi zake. Majina hayo ni ya Chidigo. Mengi hayana mwenzake kwenye Kiswahili cha kitabu cha darasani. Tunamlipisha mtalii kuusikia msitu kwa jina, na mtoto wa pale pale tunamfundisha kwamba vyote ni "miti".

Halafu kuna suala la vitabu, na hapa nitasema jambo ambalo watu huwa wanalizunguka. Mwaka 2004 ilitoka kamusi inayoitwa Mgombato, ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili, kazi ya Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu. Ni kazi ya kuheshimika. Tahajia imetulia: ile ph ya Mwaluphamba ambayo si p wala f, ile kpw ya kpwenda, zote zina namna ya kuandikwa. Wanaosema Chidigo hakina maandishi wamechelewa zaidi ya miaka ishirini. Lakini kamusi hiyo ilitoka chini ya BTL, shirika la kutafsiri Biblia. Wadigo wengi ni Waislamu. Si ajabu kama kuna nyumba zinavitazama vitabu hivyo kwa jicho la pembeni, hata kamusi ambayo haihubiri chochote. Silaumu waliofanya kazi, wao walifanya. Nailaumu serikali iliyoandika kwenye Katiba kwamba itakuza lugha hizi, halafu kazi ya kuziandika ikawaachia watu waliokuwa na sababu yao nyingine. Kamusi ya lugha ya umma, ya shule za umma, ilitakiwa ilipiwe na umma.

Sasa pingamizi mbili, manake bila hizo nitakuwa nimehubiri tu.

La kwanza ni la wazazi: Chidigo hakilipi. Diani inalipa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kiitaliano. Kweli. Lakini tembea bichi saa kumi jioni usikilize wale vijana wanaouza vinyago na safari za mashua. Kijana mmoja anamsalimia Mjerumani kwa Kijerumani, anageuka kwa Mwitaliano, anajibu simu kwa Kiswahili, anamtania mwenzake kwa Chidigo. Nyingi ya hizo hakufundishwa na shule. Akiwa na miaka mitano alikuwa tayari anasoma Kurani kwa Kiarabu chuoni. Kichwa chake hakijawahi kujaa. Hoja kwamba lugha ya nyumbani inachukua nafasi ya lugha ya pesa inakanushwa kila jioni pale pale pesa inapotafutwa.

La pili ni la watafiti, na ni gumu zaidi. UNESCO ilisema tangu 1953 kwamba lugha bora ya kumfundishia mtoto ni ile ya mama yake, na wanaharakati wengi wanaongeza: mtoto akianza na lugha yake, Kiingereza chake kitapaa. Kenya ilijaribu. Mradi wa PRIMR, uliotangulia ule wa Tusome, ulifundisha kusoma kwa Lubukusu na Kikamba kwenye baadhi ya shule na kulinganisha na shule zilizofuata mbinu zile zile bila lugha ya mama. Matokeo: watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi. Kiingereza na Kiswahili chao hakikuzidi cha wenzao. Na kwenye hisabati walikuwa chini ya wenzao. Anayetaka kuuza Chidigo kama ngazi ya Kiingereza, bidhaa hiyo hatutaiweza.

Mimi naona matokeo hayo yanatusaidia, kwa sababu yanatuondolea uongo mmoja. Tumezoea kuitetea lugha ya mama kwa faida inazozipa lugha nyingine, kama mama anayesifiwa kwa kuwa mpishi mzuri wa wageni. Mtoto aliyefundishwa kusoma lugha yake alijua kusoma lugha yake. Kama tunachotaka ni lugha iishi, hilo lilikuwa lengo, na lilifikiwa. Na hesabu za chini zinatuambia kwamba kutafsiri mtaala bila kumwandaa mwalimu na vitabu ni kumtupa mtoto baharini kwa lugha tamu. Kazi ni ya maandalizi, si ya mapenzi.

Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, Chidigo kinaendelea hadi Mkinga na Tanga. Huko shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na lugha za makabila hazina kipindi. Tanzania imesema hapana waziwazi, na ina sababu zake za kujenga taifa. Kenya imesema ndiyo kwa maneno yanayoruhusu hapana. Sijui ni lipi lenye heshima zaidi, lakini najua ni lipi gumu zaidi kulipinga. Huwezi kuandamana dhidi ya sera inayokubaliana na wewe.

Kwa hiyo maombi yangu ni madogo na yana majina. Sera iache kusema "eneo", itaje lugha: shule hii, Gredi hii, Chidigo; shule ile, Chiduruma; ya Ukunda, Kiswahili. Orodha ipatikane kwa kuwauliza wazazi siku ya kuandikisha mtoto. Mwalimu anayeletwa Kwale kutoka popote apewe mafunzo ya siku mbili ya tofauti za sauti, ili akisikia tahu ajue amesikia tatu. Mwaka wa kwanza mtoto aruhusiwe kuhesabu kwa mdomo kwa lugha yake, fungahe na chenda, kabla ya kudaiwa saba na tisa. Na hadithi zilipiwe, mpya, za bodaboda na simu na mafuriko, zisiwe za sungura na fisi pekee.

Nairobi itachukua muda, najua. Lakini chekechea si ya Nairobi. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti elimu ya awali, na Kwale imejenga vituo vingi vya chekechea tangu ugatuzi uanze, chini ya Salim Mvurya kisha Fatuma Achani. Majengo ni ya kaunti. Walimu wanaajiriwa na kaunti, na wengi wao wanaijua lugha ya mtoto kwa sababu ndiyo yao. Hakuna anayezuia karatasi moja kubandikwa ukutani kila darasa ifikapo Januari, upande mmoja mvula, upande wa pili mvua, na mshale katikati unaokwenda pande zote mbili.